Ensaiklopidia ya sayansi kwa mtoto: kitabu kimoja kinene, seti ya mtumba, vitabu vya Kiswahili au simu?

Mpwa wangu yuko darasa la tano, Lindi mjini, na kwetu huku kusini mjue mjomba ndo mwenye mzigo, mtoto akihitaji kitu cha maana dada hamalizani na shemeji peke yake, simu lazima ifike kwangu huku Mtwara. Mwaka jana minada ya korosho imeanza tu, hela imeanza kuonekana onekana, dada kapiga: "Kaka, maswali ya huyu mtoto siyawezi tena, mtafutie lile libuku nene lenye kila kitu." Alikuwa anamaanisha ensaiklopidia. Nikajua ni kazi ya siku moja, naingia dukani natoka. Imenichukua karibu miezi miwili na kuna hela nimeipoteza njiani, ndo maana nayaweka hapa yote nilivyoyalinganisha.

Kitu cha kwanza nilichofanya, na mpaka leo naona ndo kilichoniokoa, nilimwambia mtoto aniandikie maswali yake kwenye karatasi. Akapigiwa picha na mama yake ikaja WhatsApp, mwandiko wa penseli, maswali manne. Kwa nini ganda la korosho linababua vidole. Kwa nini siku za bamvua maji yanaenda mbali sana na siku zingine hayaendi mbali. Gesi ya Msimbati iliingiaje chini ya ardhi. Na mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, alikuwa anakula nini. Basi nikasema hiki ndo kipimo, kila kitabu nitakachokishika nakipeleka kwenye hayo maswali manne, kikijibu tunaongea bei, kisipojibu hata kava liwe linang'aa vipi nakirudisha.

Ila huwezi kupima kitabu kwa swali ambalo na wewe hujui jibu lake, kwa hiyo nikajipanga kwanza. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayokaa katikati ya kuta zake mbili, ndani yake kuna asidi inaitwa anakadiki, hiyo ndo inayochubua ngozi, na mafuta hayo hayo viwandani yanaingia kwenye breki za magari na rangi. Bamvua ni pale jua na mwezi vinapovuta bahari kwa mstari mmoja, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, alafu vikikaa pembeni kwa pembeni unapata maji mafu. Gesi ni mabaki ya viumbe na mimea ya kale yaliyofukiwa chini ya matope yakapata joto na mgandamizo kwa mamilioni ya miaka, huku kwetu iligunduliwa Songo Songo 1974 na Mnazi Bay, ndo huko Msimbati, 1982. Na mjusi, yule mkubwa wa shingo ndefu, alikuwa anakula majani tu. Haya sasa twende kwenye vitabu.

Nianze na kitabu kimoja kinene cha Kiingereza, kile chenye picha rangi tupu kila peji. Hiki ndo wengi tunachokiwazia tukisikia ensaiklopidia, na sitakidharau maana kwa picha hakuna kinachokifikia. Kimoja nilichokishika kilikuwa na peji mbili nzima za kupwa na kujaa, wameweka picha za ghuba ya Fundy kule Kanada ambako maji yanapanda mpaka mita 16, boti ile ile picha moja inaelea, picha ya pili imelala ubavu kwenye matope, yaani ukiiangalia unaikumbuka Mikindani maji yakishatoka na ngalawa zimelala. Chini yake mchoro wa jua, mwezi na dunia, mtoto anaelewa hata bila kusoma. Swali la gesi lilikuwepo, tabaka za miamba zimechorwa vizuri mno. Mjusi alikuwepo. Korosho haikuwepo, na nikwambie tu usitegemee kuikuta, hivi vitabu vinaandikwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza na Marekani, korosho kwao inatoka kwenye pakiti imeshabanguliwa.

Shida yake kubwa sio lugha kama watu wanavyosema, shida ni namna mtoto anavyokipata kitu ndani. Mtoto wetu wa shule ya msingi ya serikali sayansi anaisoma kwa Kiswahili, kichwani ana neno bamvua. Sasa kitabu kikipangwa kwa alfabeti, bamvua iko herufi T, tide, atajuaje? Hawezi kulitafuta neno ambalo halijui. Atafungua fungua ataangalia picha za chui na roketi wiki ya kwanza, wiki ya pili kitabu kinahamia juu ya kabati. Kwa hiyo kama unachukua cha Kiingereza chukua kilichopangwa kwa mada, bahari peke yake, mwili peke yake, anga peke yake, hapo mtoto anaingia kwa kuangalia picha za bahari na atafika kwenye bamvua yake hata kama hajui inaitwaje. Hii tofauti ya mpangilio ni kubwa kuliko tofauti ya bei na hakuna muuzaji aliyeniambia, wao wanakwambia tu "hiki kitamsaidia mpaka sekondari". Ni kweli fizikia, kemia na biolojia ya sekondari ni Kiingereza na kitabu kitamfaa, ila huyu yuko darasa la tano, asipokizoea sasa hivi hiyo sekondari atafika nacho kikiwa kimeshaliwa na mchwa.

Na kabla hujalipa kiangalie mgongo. Kifungue katikati ukiweke juu ya meza ukiachie, kilichoshonwa kinabaki wazi chenyewe, cha gundi tupu kinajifunga au kinalia kaa. Ukichungulia mgongo kwa juu cha kushonwa unaona vifungu vifungu vya karatasi vimekunjwa pamoja, cha gundi unaona karatasi zimekatwa sawa zimebandikwa. Mtoto anasoma amelala kifudifudi kwenye mkeka, anakikandamiza kwa kiwiko, cha gundi hakimalizi mwaka na joto letu hili la pwani gundi inalegea. Alafu zile karatasi za kung'aa zikipata maji zinagandana, ukizibandua rangi inabaki upande mmoja, kwa hiyo kikija na basi kutoka Dar mwambie anayekutumia akifunge kwenye nailoni mbili. Wengi tunakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika Somanga mizigo ikalala njiani, kitabu sio kitu cha kutuma hivi hivi kwenye mfuko wa kaki.

Seti ya mtumba sasa. Hapa ndo hela yangu ilipoenda. Kuna mtu alikuwa anauza seti, vitabu vizima vizima kava gumu maandishi ya dhahabu, shilingi 90,000 zote, nikaona nimeokota dodo chini ya mkorosho, nikabeba kwa bajaji. Nimefika nyumbani nimezipanga mezani kwa namba ndo nagundua ya mwisho haipo. Ya mwisho ndo ya faharasa, ile orodha ya maneno inayokwambia kila kitu kiko kitabu gani ukurasa wa ngapi. Kwa mtu ambaye hajawahi kutumia hizi seti labda ataona kitabu kimoja kati ya vingi sio tatizo, ila bila faharasa hiyo seti ni kama soko lisilo na vibanda, vitu vipo ila uvipate wapi, maana habari ya kupwa na kujaa inaweza kuwa kwenye bahari, au kwenye mwezi, au peke yake. Nilimrudia muuzaji akaniambia zilivyo ndivyo zilivyouzwa. Niliumia, sio kwa hela tu, nilishamwambia mtoto vinakuja.

Umri wake pia. Sayari zilikuwa tisa, Pluto ikiwemo, wakati toka 2006 wataalamu wa falaki waliiondoa kwenye orodha ya sayari kamili. Elementi hazikufika 118, zile nne za mwisho zilipewa majina 2016. Ila nimekaa nazo jioni kadhaa nikaona sio za kutupa, moyo unavyosukuma damu haujabadilika, sumaku haijabadilika, mbegu inaota vile vile, bamvua ile ile. Kinachochacha haraka ni anga, kompyuta na wanyama wa kale. Kwa hiyo mtu akikupa seti ya bure pokea, na ukikuta ya kununua hesabu vitabu hapo hapo mbele ya muuzaji, kimoja kimoja, hakikisha cha faharasa kipo, alafu fungua ukurasa wa nyuma ya kava uangalie mwaka wa toleo, sio mwaka wa kuchapwa tena, hivyo ni vitu viwili. Wengine watakutajia Britannica kwa sababu ya jina, ni jina kubwa kweli, ilianza Edinburgh 1768, lakini walitangaza kuacha kuchapa karatasi 2012 na toleo la mwisho lilikuwa la 2010, vitabu 32. Kwa hiyo seti yake yoyote utakayoikuta mtumbani, hata ikiwa safi namna gani, haiwezi kuwa mpya kuliko hapo. Na nikwambie ukweli ile ni ya watu wazima, maandishi madogo, mtoto wa miaka kumi na moja atachoka ukurasa wa kwanza.

Ngoja niongelee kidogo yule mjusi kwa sababu ndo kipimo kizuri kuliko vyote kwa mtu wa Lindi na Mtwara. Tendaguru iko Lindi, kilima, Wajerumani walichimba pale 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wabebaji kwa miguu mpaka bandari ya Lindi ikapakiwa meli. Mkubwa wao amesimamishwa Berlin toka 1937, urefu kwenda juu mita 13.27, na aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Waingereza nao wakaja 1924. Sasa ukishika ensaiklopidia yoyote nenda kwenye wanyama wa kale umtafute. Kitabu cha zamani kitamwita Brachiosaurus, kipya kitakuwa na jina Giraffatitan, maana 2009 ulitoka uchunguzi ulioonyesha huyu wa kwetu ni tofauti na yule wa Marekani. Hapo umeshajua umri wa kitabu bila kuangalia mwaka. Alafu angalia kama wameandika alipopatikana. Viko vinavyoandika Afrika tu, viko vinavyoandika Tanzania, na kimoja kiliandika Tendaguru kabisa, nilijikuta nasoma kwa sauti pale pale dukani. Mtoto wa Lindi akikuta jina la kwao kwenye kitabu cha Ulaya anakishika tofauti, mimi nimeliona kwa macho. Na kama ukipata kinachotaja Australodocus bohetii basi umepata kitu, huyo ni mjusi mwingine wa Tendaguru aliyepewa jina 2007 kwa heshima ya Boheti bin Amrani, mtu wetu aliyekuwa anasimamia na kuandaa mifupa kwenye uchimbaji ule.

Vitabu vya Kiswahili. Ensaiklopidia kamili ya sayansi ya Kiswahili kwa mtoto, ya rangi, nene, mimi katika kuzunguka kwangu kote sikuishika hata moja, nilichopata ni vitabu vyembamba vya mada moja moja, mwili wa binadamu, hali ya hewa, wanyama, pamoja na vitabu vya kiada vya sayansi vya Taasisi ya Elimu ambavyo vingine unasoma bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni. Faida yake haina mfano, mtoto anasoma peke yake, anasoma kwa sauti, anambishia baba yake. Bibi yake naye anasikiliza na anachangia, kwenye swali la korosho bibi ndo alikuwa na jibu zuri kuliko kitabu chochote, alishasema toka zamani paka majivu mikononi kabla hujabangua. Upungufu wake, vyembamba, mara nyingi havina faharasa, picha nyeusi na nyeupe, na ukishamaliza swali la kwanza la pili halimo. Kwenye maswali yangu manne vilijibu moja na nusu. Lakini kuna kitu watu wanakisahau, TUKI, ile taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia toka 1990, ile ukiiweka pembeni ya kitabu cha Kiingereza mambo yanabadilika, mtoto anakutana na usanisinuru shuleni, anageuza anaikuta kwa Kiingereza, anarudi kwenye picha. Ukiipata hata kopi iliyochakaa usiiache.

Simu. Watu wengi wataniambia kwani intaneti ina nini, si anauliza tu simu inajibu. Nakubali nusu. Kinachofaa kwa nyumba zetu ni kile cha kukaa bila bando, kuna programu inaitwa Kiwix, unapakua mara moja ukiwa na intaneti nzuri alafu Wikipedia ya Kiswahili nzima inakaa kwenye memori kadi, mtoto anasoma hata umeme na mtandao vikikata. Ya Kiingereza yenye picha zote inapita GB 90 hiyo achana nayo, ya Kiswahili ni ndogo sana inaingia bila shida. Raha yake ni hiyo niliyosema ya bamvua, mtoto anaandika neno la Kiswahili analolijua na linakuja, hakuna kitabu kitakachompa hiyo. Na inasahihishwa, sayari ya Zohali mwaka 2025 ilihesabiwa miezi 274, kitabu cha karatasi hakiwezi kukimbizana na hiyo na wala usikikatae kwa sababu hiyo. Ila makala nyingi za Kiswahili ni fupi mno, wenyewe wanaziita mbegu, unafungua kitu unakuta sentensi tatu, na hazikuandikwa kwa mtoto, sentensi nzito. Alafu simu ni simu, dakika kumi za kwanza anasoma habari za mwezi, ukigeuka yuko kwenye gemu. Tulifanya hivi, simu ya zamani ya dada iliyopasuka kioo tukatoa laini, tukafuta kila kitu, ikabaki na Kiwix na kamera basi. Inafanya kazi.

Sasa ukiniuliza uchukue nini. Kama mtoto yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, hapo usisumbuke, kitabu kimoja kinene cha mada, kilichoshonwa, toleo la miaka ya karibuni, umemaliza. Kama yuko shule ya Kiswahili na nyumbani hakuna mtu wa kukaa naye hata nusu saa kwa wiki, anza na vile vyembamba vya Kiswahili vitatu vinne, hela itakayobaki weka, utakuja kuongeza cha Kiingereza akifika la sita au la saba. Kama yupo mtu wa kukaa naye, dada mkubwa, mjomba, mwalimu jirani, basi cha Kiingereza cha mada pamoja na kamusi, ndo nilichofanya mimi. Mtoto wa chini ya darasa la tatu usimnunulie ensaiklopidia yoyote, mnunulie kitabu cha wanyama, atakichana na ni sawa. Na kama uko Mtwara mjini kabla hujatoa hela pita kwanza maktaba ya mkoa na mtoto, mwache ashike shike mwenyewe, utaona macho yake yanaenda wapi, hiyo inakupunguzia nusu ya kazi.

Tulichonunua mwishoni ni kitabu cha mada cha unene wa kati, sio kile kikubwa kabisa, kimeshonwa, kilinifikia kwa 75,000 pamoja na nauli ya basi. Kimejibu maswali matatu kati ya manne na la korosho tumemwachia bibi. Lile tatizo la kutafuta neno nililitatua hivi: nyuma kabisa ya kitabu kuna karatasi mbili tupu, nikakaa Jumapili nzima na peni na rula nikachora mistari, upande wa kushoto neno la Kiswahili, kulia namba ya ukurasa. Bamvua 88. Gesi 61. Mapafu 170. Radi 97. Yaani faharasa ya Kiswahili ya kuandika kwa mkono, niliweka maneno arobaini tu kisha nikamwachia nafasi. Nimeenda Lindi wiki mbili zilizopita nimekuta karatasi ya kwanza imejaa na ya pili ameshaianza, mwandiko wa penseli, ngisi, kutu, mboni ya jicho, mengine ameyafuta akayaandika upya baada ya kukosea ukurasa, na mdogo wake wa darasa la pili alikuwa amelala kifudifudi pembeni anamuuliza pweza ni ukurasa wa ngapi.